Sahani ya Shilingi 58

Kabla sijaanza kupika, watoto walikuja na vyakula vyao. Kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, akina mama walibisha lango langu hapa Kenya Israel, mjini Machakos, wakanikabidhi mtoto, nepi mbili na mkebe. Mikebe niliipanga juu ya kabati, na saa sita ilipofika niliishusha. Hapo ndipo siri za nyumba za watu zilipofunguka mezani pangu. Huyu ana wali na yai. Huyu ana nusu chapati ya jana iliyokunjwa kwenye gazeti. Huyu ana biskuti na chupa ya chai ya rangi iliyopoa. Na mmoja, ambaye hata miaka mitatu hakuwa ametimiza, alikuja Jumatatu moja na mkebe mtupu, umeoshwa ukang'aa, umefungwa vizuri. Mama yake alikuwa akifulia watu nguo huko Mumbuni. Nadhani alitaka tu mwanawe naye awe na mkebe kama wenzake.

Mtoto hajui mambo ya mkebe mtupu. Alinyoosha mkono akachukua yai la jirani yake, wakapigana, nami nikaligawa lile yai vipande viwili. Jioni mwenye yai akamwambia mamake. Kesho yake nikaulizwa langoni, kwa adabu lakini kwa sauti ya kusikika, kama siku hizi ninalisha watoto wa watu kwa mayai ya watu.

Wiki iliyofuata nikaanza kupika. Uji saa nne, chakula saa sita na nusu, sahani za rangi moja. Ada nikaipandisha kutoka shilingi 80 kwa siku hadi 100. Mama mmoja alihama, wengine wakanung'unika mwezi mzima kisha wakazoea. Huo ulikuwa mwaka 2019, na watu wa mtaa walikuwa wameanza kuita sebule yangu deikea, ingawa sikuwa na kibao chochote mlangoni. Watoto wenyewe waliniita susu, yaani nyanya, nami sikuwa nimefika hata miaka hamsini.

Nilipika miaka minne bila kujua ninachofanya. Sisemi mapishi, muthokoi wangu hauna mpinzani, nauchemsha kwa makaa tangu alfajiri hadi unapondeka kwa kijiko, kwa sababu mahindi yaliyokobolewa yakiwa magumu yanamuumiza mtoto tumbo. Nasema hesabu. Nilijua bei ya gunia la makaa, nilijua mama mboga gani wa Marikiti anaongeza mboga mbili tatu ukimsalimia vizuri. Lakini sahani moja ya chakula niliyompa mtoto mmoja ilinigharimu kiasi gani, sikujua. Mwezi ukiisha na pesa zikabaki, nilimshukuru Mungu. Zisipobaki, nililaumu bei. Na bei zilistahili lawama kweli: mvua zilikuwa zimekataa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020, na kufikia Julai 2022 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilikuwa imepita shilingi 200, hata serikali ikalazimika kuishusha hadi 100 kwa wiki chache kabla ya uchaguzi.

Ndipo, mapema mwaka 2023, wakaja watu wawili na fomu. Mpango wao sitautaja jina. Walikuwa wakizunguka kwenye vituo vya nyumbani kama changu, na walichosema kilikuwa rahisi kusikia: wewe pika, andika kwenye rejista nani amekula nini, mwisho wa mwezi leta rejista, nasi tutakurudishia shilingi 10 kwa kila kikombe cha uji na 30 kwa kila sahani ya mchana. Masharti yalikuwa manne. Watoto wote wale chakula kimoja. Pawe na yai mara mbili kwa wiki, maziwa, na tunda kila siku. Mkaguzi aje wakati wowote. Na wajukuu au watoto wangu mwenyewe wasihesabiwe.

Nilimpelekea mama mkwe habari hizo Jumapili, nikidhani atafurahi. Alikuwa akichambua ndengu kwenye ungo, hata hakuinua kichwa.

"Mama Mwende," akasema, "hiyo ni mwolyo."

Msomaji asiyetoka Ukambani lazima nimweleze neno hilo, maana halitafsiriki kwa neno moja. Mwolyo ni chakula cha msaada. Ni gunia linaloshushwa kwenye kambi ya chifu, ni foleni, ni jina lako kuitwa na mtu anayejua kwamba una njaa. Sisi Wakamba tunazitaja njaa zetu kwa majina, kama wengine wanavyotaja vita. Mama mkwe alikuwa msichana mdogo mwaka 1961 ndege zilipoangusha chakula, njaa ile ikaitwa ya ndeke, yaani ya ndege. Alikuwa mama wa watoto wanne mapema miaka ya 1980 ilipokuja ile ya nikw'a ngwete, maana yake nakufa huku nimeshika. Walichoshika watu ni pesa, na madukani hapakuwa na cha kununua. Yeye ni mtu wa Yatta. Anakumbuka vizuri mwaka 2009, baada ya ukame mwingine, Askofu Titus Masika alipoanzisha pale Yatta kazi iliyokuja kujulikana kama Operesheni Mwolyo Out, watu wakachimba mabwawa ya kuvuna maji ya mvua kwenye mashamba yao ili wasisubiri tena lori. Mtu wa historia hiyo ukimwambia kuna watu watakulipia chakula, anasikia lori.

Nilikataa. Niliwaambia wale wawili nashukuru, watafute mwingine. Nilijiona mtu wa heshima kwa muda wa wiki kama mbili hivi.

Aliyenitikisa ni mdogo wangu. Anaishi Minnesota, Marekani, na kazi yake ni hii hii yangu: analea watoto nyumbani kwake, sita au saba, kwa leseni ya jimbo. Nilimsimulia kwenye simu kama kichekesho, naye hakucheka.

"Dada, mimi niko kwenye mpango kama huo tangu nianze. Na haukuanza leo."

Nikaelezwa. Kule serikali ya nchi nzima ina mpango wa chakula kwa vituo vya watoto uliozaliwa mwaka 1968, na wanaolea nyumbani nao wamo. Hawapewi chakula wala hawapewi pesa mkononi na serikali moja kwa moja. Kuna shirika la kati linalowasimamia, linalopokea rejista zao kila mwezi na kuwarudishia kiasi kilichopangwa kwa kila mlo, bila kuzidi milo miwili mikubwa na kitafunio kimoja kwa mtoto kwa siku. Tangu sheria ya mwaka 1996, aliye kwenye mtaa wa watu wa kipato cha chini hulipwa zaidi, na aliye kwenye mtaa wa wenye nacho hulipwa kidogo. Msimamizi huja mara tatu kwa mwaka, na angalau mara mbili kati ya hizo bila kupiga hodi.

"Sasa niambie," akasema, "mtu aliyelisha mtoto leo, akalipwa mwezi ujao, amepokea mwolyo au amekopesha?"

Swali hilo lilinikaa kooni. Mwolyo huja kabla ya kula. Hii huja baada. Anayepanga foleni ya mwolyo hana kitu. Anayeingia mpango huu lazima awe na sufuria inayochemka tayari. Kwa maneno mengine, wale watu wawili wenye fomu hawakuja kunisaidia. Walikuja kuniomba niwakopeshe chakula, mwezi mmoja mmoja, kwa imani kwamba watalipa. Nilikuwa nimewakatalia kwa sababu isiyo yenyewe.

Lakini kabla ya kumkopesha mtu unapima mfuko wako. Nikanunua mizani ndogo ya jikoni na daftari la kurasa 96, nikajipa wiki moja. Kila kilichoingia sufuriani nilikipima, kila shilingi iliyotoka niliiandika: unga wa uji, muthokoi, ndengu, mchele, sukuma na kunde, nyanya, mafuta, chumvi, makaa, hata mitungi ya maji. Jumla ikawa shilingi 2,420. Watoto walikuwa wastani wa kumi na mmoja kwa siku tano, basi ni migao 55. Nikagawa mara mbili kwa kutoamini. Shilingi 44 kwa mtoto kwa siku, uji na mchana pamoja. Kisha nikaongeza yale waliyoyataka wao, mayai, maziwa na matunda. Yakaongeza shilingi 780 kwa wiki. Mtoto mmoja sasa alikuwa anakula kwa shilingi 58.

Nilikaa na namba hiyo usiku ule kama mtu aliyeonyeshwa picha ya ini lake. Kwanza iliniaibisha. Tofauti ya 44 na 58 ilikuwa mayai, maziwa na tunda, yaani vile vitu ambavyo mtoto wa miaka miwili anavihitaji kuliko muthokoi wangu usio na mpinzani. Miaka minne nilikuwa nikishibisha matumbo, nikaita hiyo lishe. Hili mpango ule ulinifundisha hata kabla sijaweka sahihi, na ningelijua bure kama ningenunua mizani mapema.

Pili, ilinionyesha biashara yenyewe ilivyo. Bila mpango, kwenye ile 100 ya mama nilibaki na 56 za kulipia nyumba, maji, na binti anayenisaidia. Ndani ya mpango, wakilipa, nilibaki na 82. Ndani ya mpango, wasipolipa, nilibaki na 42. Namba hizo tatu ndizo uamuzi wote. Mengine ni maneno. Nikajiuliza: nikibaki na 42, naweza kusimama miezi mingapi kabla ya kuanza kukopa dukani? Jibu lilikuwa miwili. Mitatu kwa shida.

Nikaingia mwezi Juni.

Kuhusu makaratasi sitasema mengi, yanachosha kuyasimulia kama yanavyochosha kuyajaza. Dakika arobaini kila jioni. Mama mboga hana risiti na hajawahi kuwa nayo, kwa hiyo nikawa namlipa kwa M-Pesa hata mboga za shilingi 30, ili ujumbe wa simu uwe ndio risiti. Mwanzoni alidhani nimeanza kujidai. Jambo moja tu nitalieleza, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Sheria ya rejista ni kuweka alama mtoto akiwa anakula. Mimi niliweka jioni, kwa kukumbuka, kwa sababu mchana mikono yangu ina watoto. Alhamisi moja mkaguzi akaingia, mama mtulivu mwenye miwani, akaomba rejista, kisha akaomba na lile daftari langu jingine ambalo akina mama huweka sahihi wanapochukua watoto. Akayalaza pamoja mezani. Jumatano nilikuwa nimeandika watoto kumi na wawili kwa chakula cha mchana. Daftari la pili likaonyesha mmoja wao alichukuliwa saa nne asubuhi, ana homa. Sahani ile haikuliwa na mtu. Ilikuwa shilingi 30 tu, na haikuwa wizi, ilikuwa uchovu. Lakini mkaguzi hakusema neno, akanitazama tu, nami nikaona uso wangu unawaka.

Mwaka uliotangulia, Septemba 2022, kule kule kwa mdogo wangu waendesha mashtaka walikuwa wamewashtaki watu 47 kwa mara moja, wakisema zaidi ya dola milioni 250 za chakula cha watoto zililipwa kwa milo ambayo haikupikwa, kwa watoto ambao wengine walikuwa majina tu kwenye karatasi. Mdogo wangu alikuwa amenisimulia kwa uchungu, maana baada ya hapo hata wapishi wa kweli walitazamwa kwa jicho la pembeni. Niliposikia habari ile nililaani wezi. Sikujua kwamba mtoto wa karatasi anaweza kuzaliwa kwa kalamu ya mama mchovu saa moja jioni. Tangu siku hiyo rejista imefungwa kwa kamba karibu na jiko, na sahani haitoki mkononi mwangu kabla ya alama.

Pesa za Juni zikaja Julai. Za Julai zikaja Agosti. Za Agosti hazikuja.

Nilipiga simu, nikaambiwa wiki ijayo. Septemba ikapita vivyo hivyo. Oktoba mvua za El Niño zikaanza kuteremka, sukuma ikaoza njiani, bei zikapanda, na mimi nikawa na rejista safi kabisa, yenye alama zote, inayosema nadaiwa shilingi zaidi ya 28,000 za milo iliyokwisha kuliwa na kusahauliwa. Nikaelewa nikw'a ngwete kuliko nilivyowahi kuelezwa. Nami nilikuwa nimeshika.

Utotoni nimewahi kusubiri chakula cha watu wengine, ingawa si cha njaa. Ni Maziwa ya Nyayo, yale Rais Moi aliyoyaanzisha mwaka 1979 kwa watoto wa shule za msingi. Nilipoingia darasa la kwanza yalikuwa jambo la kawaida, pakiti ile ya pembe tatu unaing'ata kona. Ninachokumbuka zaidi si ladha, ni zile siku ambazo hayakufika. Darasa zima halikuwa limebeba kitu, kwa kuwa maziwa yanakuja. Mwishoni mwa miaka ya tisini yakawa yamekwisha kabisa, na wadogo zetu hawakuyajua.

Sasa ikabidi niite mkutano wa akina mama, Jumamosi mchana, hapa hapa sebuleni. Niliogopa. Nilidhani nitawaambia nimekwama nao watauliza ada yao inakwenda wapi. Badala yake nikagundua jambo ambalo mizani isingeweza kunionyesha. Hawakujua chakula kile kilikuwa cha nani. Walipoona mkaguzi na rejista, waliamua kuna wafadhili, pengine wazungu, na tangu hapo hakuna aliyeuliza mwanangu amekula nini leo. Zamani mmoja angepita na mkungu mdogo wa ndizi kutoka kwao, mwingine angeacha kilo ya mbaazi msimu wake. Hayo yalikoma mwezi Juni, mimi nikadhani ni ugumu wa maisha. Kumbe sufuria ilikuwa imehama mikononi mwao, na mimi ndiye niliyeihamisha, kwa kunyamaza.

Mama mkwe alikuwa amesema kweli, ila kwa njia yake. Pesa zile hazikuwa mwolyo. Kilichokuwa mwolyo ni ule utulivu uliotuingia, wa kuamini kuna mtu mwingine anayeangalia.

Nikawasomea hesabu yote kwa sauti: 44, 58, 100, 42. Kukawa kimya. Kisha mama anayefua nguo Mumbuni, yule wa mkebe mtupu, sasa ana mtoto wa pili kwangu, akasema hana pesa za kuongeza lakini Jumamosi atakuja kufua mablanketi na mapazia. Mwingine, ambaye huwahi matatu ya Athi River kwenda kiwandani EPZ, akasema kwao Mwala kuna maembe yanayooza chini ya miti kila Desemba; gunia moja ni nauli tu. Tukakubaliana maziwa yasimame hadi pesa zije, mayai yabaki. Kwenye rejista, safu ya maziwa niliiacha tupu mwezi mzima. Kujaza kusingenigharimu kitu.

Wakalipa katikati ya Desemba, miezi yote mara moja, bila maelezo. Sikutoka kwenye mpango. Watu wananiuliza kwa nini, baada ya usumbufu ule. Ni kwa sababu 82 ni zaidi ya 56, na yai ni yai. Lakini pesa zile zilipoingia sikununua kiti wala televisheni ya watoto kama nilivyoota. Februari, ndengu ziliposhuka bei baada ya mavuno, nilinunua magunia mawili, na muthokoi moja, nikayaweka kwenye chumba cha mwanangu aliye chuoni. Mama mkwe alikuja kuyaona, akayapigapiga kwa kiganja, akasema sasa nina ikumbi, yaani ghala. Tangu siku hiyo hajalitaja tena lile neno lake. Kanuni yangu ni kwamba sipiki kwa pesa ambazo hazijafika. Zikifika zinakwenda chumbani, mwezi wa leo unakula mwezi wa jana.

Mara nyingine huwaza ingekuwaje kama ningetokea Nairobi, ambako tangu 2023 mzazi hulipa shilingi tano mtoto akala shuleni chakula kilichopikwa kwenye jiko kubwa la kaunti. Ni kazi nzuri, sina neno nayo. Ila chakula cha shule humfuata aliye shuleni, na wangu hawajafika. Wengine hawajaota meno. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imeyaweka malezi ya watoto hawa mikononi mwa kaunti, katika kifungu kimoja na chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Chekechea imepata walimu na madarasa. Ningependa anayesoma hapa akiwa na kiti katika bunge la kaunti akimalizie kifungu hicho hadi mwisho wake.

Mwezi uliopita jirani aliyefungua kituo chake upande wa Katoloni alikuja na fomu ile ile, imeanza kukunjika pembe. Alitaka nimwambie tu, aingie au asiingie. Nikamuuliza sahani yake moja ni shilingi ngapi. Akacheka, akasema inategemea. Nikampa mizani yangu na daftari jipya, nikamwambia arudi baada ya wiki moja.

Ni wiki ya tano sasa. Mizani yangu bado iko kwake.